Askari wa Aziza na Chungu cha Mama Sakina

Nuseni kwanza. Kabla ya kupima, kabla ya kuandika, kabla ya kumwambia mama wa mtoto "ni malaria" kwa ile sauti yenu ya kujiamini, inameni mnuse pumzi ya mgonjwa. Nawaambia ninyi mliotoka shule ya uuguzi juzi, ambao makoti yenu meupe bado yana mikunjo ya dukani. Mimi nimeuguza watu hapa Kasongo mpaka nywele zikanihama, na pua yangu hii imefanya kazi siku ambazo mashine zilikosa umeme. Najua nikipita mnaniita Papa Rama Pua. Endeleeni tu. Jina hilo sikupewa bure, wala sitaki lifutwe.

Leo mgongo unaniuma kwa safari ya pikipiki ya wiki iliyopita, kwenda Kabambare na kurudi, na ile barabara mnaijua wenyewe. Mke wangu alisema mzee aliyestaafu hapandi pikipiki kwenda Kabambare ila amechoka kuishi. Nikamjibu kwamba safari hii hata wangenifunga ndani ya kapu la samaki ningekwenda. Sababu nitaifikia. Kwanza lazima niwape habari ya Aziza, maana ndiye aliyenifundisha ugonjwa ambao katika kitabu chetu cha shule ulikuwa na mistari michache, na mwalimu akairuka kwa kuwa kengele ilikuwa imelia.

Aziza aliletwa nyuma ya baiskeli, amefungwa kitenge asianguke, nyanya yake akitembea pembeni amemshika mguu. Walitoka upande wa Wamaza. Mtoto alikuwa wa umri wa kuanza kung'oka meno ya utoto, amekonda hadi mbavu zinahesabika, midomo imekauka, anapumua kwa nguvu kama mtu aliyepanda kilima na mzigo. Mama yake alikuwa amefariki, kwa hiyo alilelewa na huyo nyanya, Mama Sakina, mfinyanzi wa vyungu, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa ambayo udongo hauondoki kwenye kucha hata siku ya Idi.

"Iko na malaria," Mama Sakina akaniambia. "Kule kwetu walimupa dawa ya malaria, haikusikia. Maji anakunywa sana, na kukojoa anakojoa sana. Penye anakojoa sisimizi zinakuja."

Penye anakojoa sisimizi zinakuja. Maneno hayo yangenitosha, lakini siku hiyo wagonjwa walijaa mpaka kwenye veranda, na mkono wangu ulikuwa umezoea njia yake. Mtoto, homa, amelegea: kinini, dawa ya malaria, ndani ya serumu ya sukari, ndivyo tulivyofanya kwa kila mmoja. Nilikuwa nimeshaitundika chupa, sindano iko mkononi, ndipo Dokta Feza akanishika kifundo cha mkono.

Dokta Feza alikuwa ndiyo kwanza amefika hospitalini kwetu, umri wake sawa na wa mtoto wangu wa mwisho. Mimi nilikuwa mkubwa wa chumba kile. Nawaambia ukweli, nilichukia.

"Papa Rama, hii serumu iko na nini ndani?"

"Kinini na sukari. Kama siku zote."

"Nusa mutoto kwanza."

"Dokta, wagonjwa wako nje wanangoja."

"Nusa, papa. Kisha ukitaka kuchoma, choma."

Nikainama kwa hasira, nimenuna kama mtu aliyeambiwa aonje sumu. Pumzi ya mtoto ilinuka ndizi iliyoiva ikapita, ile inayoachwa kapuni mpaka inatoa maji. Nikaishusha ile chupa polepole, bila kumtazama Dokta Feza usoni. Tungemwongezea sukari mtoto ambaye damu yake tayari ilikuwa sharubati. Yule dada hakunicheka. Alileta serumu ya chumvi, akaniambia nimtafutie insulini kwenye frigo. Toka siku ile nanusa kila mtu. Hata mke wangu nilimnusa, akanifukuza jikoni.

Ninyi leo mnatoboa kidole, tone la damu linaingia kwenye kimashine, namba inatokea. Mimi nilipoanza, tuliweka mkojo ndani ya dawa ya rangi ya bluu kwenye kichupa cha kioo, tukauchemsha juu ya taa ya spiriti. Ukibaki bluu, unashukuru. Ukigeuka kijani, unafikiri. Ukigeuka rangi ya tofali, unamwita daktari. Siku moja mwenzangu mmoja alichemsha bila kuinamisha kichupa, mkojo ukaruka mpaka kwenye picha ya gavana iliyokuwa ukutani, na tukaikausha kwa kitambaa tukicheka kwa hofu. Sindano nazo zilikuwa za kioo, tunazichemsha kwenye sufuria kama mayai. Shukuruni kwa mlivyo navyo, lakini msiviachie vifikiri kwa niaba yenu. Betri ya kimashine ikifa kule Wamaza, pua haifi.

Basi Aziza akaamka. Siku aliyoomba bugali na mboga ya sombe kwa sauti ya kuamrisha, Mama Sakina alitoka nje ya chumba akakaa chini ya dirisha akalia, kisha akarudi na kumgombeza mtoto kwa kukosa adabu.

Nilimuuliza Dokta Feza: huyu mtoto hajanenepa siku hata moja maishani mwake, sukari yenyewe anaiona sokoni tu, ugonjwa wa matajiri wazee umemfikaje? Tukakaa nyuma ya duka la dawa, akanieleza, nami nawapa kama nilivyopewa.

Ndani ya damu, alisema, mna chembe nyeupe, nazo ni askari wa mwili. Wako wanaomeza vijidudu wazimawazima. Wako wanaotengeneza silaha na kuzitupa mbali. Na wako wanaoitwa limfosite T, ambao wanapita mlango kwa mlango kukagua; wakikuta chembe ya mwili imeingiliwa na adui, wanaiua ili adui asizaliane mle. Hao T wanafunzwa kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Mle wanafundishwa kumtambua mwenyeji, na askari anayeonekana kuwa na jicho baya kwa mwenyeji anafutwa kazi kabla hajatoka. Lakini hakuna kambi isiyopitisha mtu mbaya. Wachache wanatoka. Kwa watu wengi hao wachache hutulizwa na wenzao wenye kazi ya kutuliza, mambo yakaisha.

"Kwa Aziza hayakuisha," Dokta Feza akasema. "Nyuma ya tumbo kuna kongosho. Ndani ya kongosho kuna visiwa vidogovidogo, kama vile vya Lualaba. Kwenye visiwa hivyo kunakaa chembe zinazotengeneza insulini, na insulini ndiyo inafungulia sukari mlango iingie mwilini ifanye kazi. Askari wamevuka, wameingia visiwani, wamewaua hao wapishi wa insulini wakidhani ni maadui."

"Nani aliwatuma?"

"Papa, hata wakubwa wa vitabu hawajui vizuri. Damu ya ukoo inachangia, labda ugonjwa fulani wa utotoni unawachokoza. Lakini si sukari aliyokula, si uchawi, si kosa la nyanya."

Sisi watu wa Maniema hatuhitaji kuchorewa picha ya askari waliotumwa kulinda kijiji wakala kijiji. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi siku zote niliona msemo huo ni wa wezi na ndugu wabaya. Kumbe na damu inaujua. Nililala nao ule msemo kichwani.

Tulimfundisha Mama Sakina kuchoma sindano kwenye papai. Mikono ile ya udongo ilijifunza mara moja. Tukamwonyesha jinsi ya kuvuta dawa, jinsi ya kubadilisha mahali pa kuchoma, jinsi ya kumpa mtoto kitu kitamu akianza kutetemeka na kutoka jasho. Tukamwambia dawa ikae kwenye ubaridi, ndani ya chungu chenye maji, kwenye kivuli. Tukamwambia pia kwamba dawa hii haiachwi. Akaitikia kila neno. Wakarudi Wamaza kwa pikipiki, mtoto katikati, akitupungia mkono kama mke wa waziri.

Sasa sikieni kilichotokea, kwa sababu ndicho kitakachowapata ninyi pia.

Baada ya muda walirudi kunionyesha mtoto, nami nikapima nikapima tena. Sukari ilikuwa nzuri, na dozi ileile ilikuwa inamzidi. Tukaipunguza. Waliporudi mara nyingine, tukaipunguza tena, ikabaki kidogo tu. Mtoto amenenepa, anaruka kamba. Dokta Feza akanionya kwamba ugonjwa huu una kipindi cha kudanganya: wale wapishi wachache walionusurika wamepumzishwa na sindano, wamepata nguvu, wanapika kidogo. Tukamwambia Mama Sakina, "Hata kidogo hiki usikiache." Akasema ndiyo. Lakini macho yake yalikuwa kwa mtoto anayeruka kamba, na jicho ni shahidi mkubwa kuliko maneno ya munganga.

Kwa Mama Sakina, kama kwa wazee aliokua nao, ugonjwa ukiisha kuna kazi moja imebaki. Dawa iliyosalia haikai ndani ya nyumba, kwa sababu dawa isiyo na ugonjwa inauita ugonjwa urudi kuitafuta. Unaichukua yote pamoja na chombo chake, unaipeleka njia panda, unaivunja hapo, unarudi nyumbani bila kugeuza shingo. Mwenye kugeuka, ugonjwa unamwona uso na kumfuata. Hilo si jambo la ujinga. Ni usafi wa mtu anayempenda mtoto wake, kama ninyi mnavyochoma bandeji chafu.

Basi akaenda. Penye njia ya Wamaza inakutana na ile ya kwenda Kabambare, akakivunja chungu na chupa zote za insulini, akasema maneno yake, akarudi bila kugeuka. Jirani zake walimpongeza. Alipika wali na kuku.

Walipomleta Aziza kwetu tena ilikuwa mchana kweupe, na wala sikuhitaji kuinama. Harufu ya ndizi ilitangulia mlangoni. Mtoto haitiki, macho yamepinduka, pumzi inavutwa kutoka chini kabisa. Mama Sakina alimweka juu ya kitanda akarudi nyuma mpaka ukutani, akasimama hapo. Nilipomuuliza dawa ziko wapi, akaniambia bila kuficha kitu. Nami, Mungu anisamehe ulimi, nilifungua kinywa nimpige kwa maneno.

Dokta Feza akasema, "Papa Rama, mushipa kwanza. Maneno badaye."

Mishipa ya yule mtoto ilikuwa imejificha yote. Nilitafuta mkononi, hakuna; mguuni, hakuna. Nilikuwa nimeanza kusali kwa sauti, mimi ambaye nawakataza wauguzi kusali kwa sauti mbele ya familia. Nikaupata kwenye kifundo cha mguu, mwembamba kama uzi wa kushonea, na haukupasuka. Serumu ya chumvi, insulini kidogokidogo, kupima, kungoja, kupima. Dokta Feza hakuketi. Mama Sakina hakutoka ukutani. Watu walimletea chakula, kikapoa miguuni pake.

Aziza akafumbua macho siku ya pili asubuhi, akatutazama mmoja mmoja kama tumemkosea, akasema, "Kamba yangu iko wapi?"

Wallahi nilitoka nje nikacheza. Peke yangu, kwenye ua wa hospitali, mzee mzima na koti jeupe. Mfuaji nguo aliniona akadhani nimepandwa na kitu. Furaha ya kumwona mtoto akirudi kutoka kule alikokuwa, wanangu, hakuna mshahara unaoifikia, na asije mtu akawaambia muuguzi asicheze.

Lakini kazi kubwa ilikuwa bado. Tungemrudisha Wamaza, na kama nyanya yake hajaelewa, tutamzika. Nilitaka kumpa hotuba. Dokta Feza akakataa, akasema hotuba alishapewa na akaitikia yote. Badala yake akamshika mkono tukampeleka maabara, akatoa tone la damu ya Aziza, akalitandaza kwenye kioo, akalipaka rangi, tukasogeza darubini karibu na dirisha ipate jua.

Mama Sakina akainama, jicho moja limefumbwa. Alikaa hapo muda mrefu.

"Hii myekundu mingi ni nini?"

"Ni damu inayobeba hewa."

"Na hawa wa zambarau, moja moja?"

"Hao ndio askari, mama," Dokta Feza akasema. Akamweleza yote, visiwa na wapishi na mauaji, kwa maneno yaleyale aliyonipa mimi.

Mama Sakina akauliza bila kuinua kichwa, "Sasa wale walikula mujukuu wangu ni wapi? Nionyeshe."

"Hatuwezi kuwajua kwa sura, mama. Wabaya na wazuri wanavaa nguo moja."

"Basi ni askari kweli," akasema, na sote tukacheka, hata yeye, mara ya kwanza toka amefika.

Kisha akaacha kucheka. "Na wakati mutoto alipona, walienda wapi?"

"Hawakuenda popote. Wapishi wachache walipumuzika kwa sababu ya sindano, ndiyo maana ulimuona muzuri. Sindano ilipokoma, kazi yote iliwaangukia wale wachache, na askari waliendelea kuwamaliza."

"Askari akishaonja kuku ya kijiji, haisahau njia," Mama Sakina akasema.

"Haisahau, mama."

"Na hii dawa inawafukuza?"

"Hapana. Haiwagusi hata kidogo. Inafanya tu ile kazi ya wapishi. Ni kitu ambacho mwili ulikuwa unajipikia, sasa hauwezi tena."

Mama Sakina akainuka kutoka kwenye darubini. Akamtazama Dokta Feza, akanitazama mimi, na hasira ikampanda taratibu mpaka masikioni.

"Kumbe ni chakula," akasema. "Mbona hamukuniambia tangu mwanzo ni chakula? Munasema dawa, dawa, dawa. Dawa iko na mwisho wake. Chakula nani anakitupa njia panda?"

Tulikuwa tumemwambia mambo mengi, yote ya kweli, na hilo moja alijipatia mwenyewe pale dirishani. Dokta Feza akacheka, akamkumbatia. Toka siku hiyo katika chumba changu hakuna mtoto wa sukari aliyepewa "dawa ya sukari". Walipewa chakula cha sindano, na wazazi wao walielewa kabla sijamaliza sentensi.

Na chakula, bila shaka, kinataka chombo. Kabla ya kuondoka Mama Sakina aliniuliza habari za ubaridi: kiasi gani, kwa nini. Nikamwambia joto linaiharibu insulini, na wala isigande, tunataka ubaridi wa maji ya mtungi mzuri. Akanitazama kwa huruma. "Mtungi muzuri unajua ni upi?" Nikasema ule mpya. Akasema hapana, ni ule unaotoka jasho. Chungu cha kupikia kinasuguliwa na kupakwa utomvu kisivuje. Kile cha ubaridi kinaachwa wazi kipumue. Dokta Feza naye alikuwa amesoma mahali habari ya vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, mchanga katikati, mchanga unamwagiwa maji. Akamchorea kwenye sakafu kwa chaki. Mama Sakina akarekebisha mchoro kwa kidole, mdomo wa cha nje uwe mpana zaidi, cha ndani kiwe na miguu mifupi. Wakabishana pale sakafuni kama mawifi.

Alipoleta cha kwanza tulikitia kipimajoto, tukakiweka kivulini mchana wa kiangazi. Si frigo, msije mkadanganya watu. Lakini kilipoza vya kutosha, na dawa ikabaki dawa. Samahani, chakula. Mama Sakina akatengeneza kingine kwa mtoto wa Kasongo, kingine kwa mvulana wa Kabambare ambaye kwao walishaanza kumlilia. Leo ukipita kwenye nyumba za watoto hao, utakikuta kwenye kona yenye kivuli, shanga za jasho ubavuni, na mtoto yuko nje anagombana na wenzake kama inavyopasa. Nasikia katika nchi za mbali siku hizi kuna dawa inayowatuliza wale askari mapema, kabla hawajamaliza visiwa. Ikifika kwetu nitaipokea kwa ngoma. Mpaka hapo, chungu.

Insulini ilitoka kwetu Kasongo kwenda Wamaza kwa pikipiki ya kijana mmoja, Saidi, mtu wa Kabambare. Nilimfundisha kuifunga kwenye kitambaa kibichi, ndani ya chungu kidogo cha Mama Sakina, asiiache juani akila. Siku moja niligundua kwamba anaipeleka hata wakati si zamu yake. Nikamuuliza kulikoni. Akasema barabara ya Wamaza ina hewa nzuri. Wanangu, barabara ya Wamaza ina matope, mawe na madaraja ya magogo. Nikamfungia mzigo.

Ndiyo maana wiki iliyopita nilipanda pikipiki. Saidi alikuwa anamwoa Aziza.

Kulikuwa na maneno kabla. Shangazi mmoja wa Aziza alisema chungu kisionekane siku ya harusi. Kipelekwe baadaye, kimyakimya, watu wa Kabambare wasije wakasema wameuziwa mgonjwa. Saidi alikuwa anajua kila kitu, lakini mama yake je, na jirani je. Mama Sakina, ambaye sasa anatembea na fimbo, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Chungu kitatangulia."

Na kikatangulia. Wanawake walibeba masufuria, mikeka na vitenge, na mbele yao wote Mama Sakina, ngata kichwani, chungu juu ya ngata, ameikataa hata fimbo. Aziza nyuma yake, mrefu kama nyanya yake, amejifunika, mikono imejaa hina. Asubuhi hiyo alikuwa amejichoma sindano mwenyewe, akala, akapaka wanja. Mimi nilishuka pikipiki pale Wamaza, nikafuata nikichechemea, nikiimba vibaya kuliko wote.

Tulipofika pale njia ya Wamaza inapokutana na ile ya Kabambare, Mama Sakina akasimama. Ngoma ikakoma. Wazee wachache waliokumbuka walitazama chini. Yeye akageuza shingo polepole, chungu kichwani hakikuyumba, akaitazama njia panda nzima kwa macho makavu.

"Hapa niligeuza mgongo nikaacha uzima wa mujukuu wangu," akasema. "Leo ninapatazama vizuri."

Kisha akasonga mbele, na ngoma ikaanza upya kwa kishindo. Mimi nililia waziwazi, sina aibu.

Pikipiki zilipotushusha Kabambare, mlangoni kwa kina Saidi, mama yake alitoka na kundi la wanawake kumpokea mkwe. Akamwona Mama Sakina mbele, akaona kile chungu cha ajabu chenye mdomo mpana.

"Karibu, mama. Na hii ni dawa ya nini?"

Shangazi mtu akafumba macho. Mama Sakina akakishusha chungu, akakishika kwa mikono miwili.

"Haiko dawa," akasema. "Ni chakula cha mutoto wangu. Askari wa damu yake walimaliza wapishi wake angali mudogo. Anakula hiki kila siku mpaka Mungu atakapomuita, na siku asipokula, atakufa. Ukimupokea, pokea na chungu chake; kinataka maji kwenye mchanga wake, na kivuli."

Mama yake Saidi alikitazama chungu, akamtazama bibi harusi, ambaye alikuwa ameinua kichwa, hajajificha tena ndani ya ushungi. Kisha akaita aletewe maji. Akayamwaga mwenyewe juu ya mchanga, polepole, kuzunguka mdomo wote, kama mtu anayemnawisha mgeni mikono.

"Nionyeshe kivuli gani kinakifaa," akamwambia Mama Sakina, akakiinua, akaingia nacho ndani mbele ya bibi harusi.